Nani Aliyesema "Tumekubali"?

Mezani pangu pana karatasi mbili. Zote mbili ni kumbukumbu za mkutano mmoja, uliofanyika siku moja, chini ya mwembe mmoja, na watu wale wale. Ya kwanza yasema wazee wa diko letu wameukaribisha mradi. Ya pili yasema wamekataa. Na ile ya kwanza, wasomaji wangu, ina jina langu chini yake, kwamba ndimi niliyeihakiki.

Leo nataka kukuelezeni jinsi jina langu lilivyofika pale. Nakiri kwamba hadithi hii hainipi sifa. Lakini naona ni wajibu kuisema, kwani yaliyonipata mimi chini ya mwembe yatawapata wengi katika maafisi, ikiwa hayajawapata tayari.

Mkutano wa dikoni

Diko, kwa asiyejua, ni mahali wavuvi wanapopwelea vyombo vyao, wakauza samaki wao na kushona nyavu zao. La kwetu si kubwa. Ukisimama penye mwembe utaliona lote mara moja: ngalawa chache, mashua mbili tatu, banda la makuti, na akina mama karanga wangojao samaki wa kukaanga. Mapema mwaka huu walikuja wageni wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, wakiwa na habari ya kujenga ghala la barafu pale pale na kulizungushia ua. Walisema maneno mazuri. Waliahidi kazi kwa vijana na bei njema kwa samaki. Walipoulizwa wavuvi wapite wapi ua ukishajengwa, walisema hilo litatazamwa baadaye.

Karani wa mkutano alikuwa mpwa wangu, kijana aliyesomea mambo ya biashara, hodari na mwenye adabu, na kipakatalishi chake mapajani. Mimi nilialikwa kwa kuwa ni mtu wa gazeti.

Wageni walipomaliza, mwenyekiti wa wavuvi, mzee aliyepita miaka 70, alikohoa kidogo akasema: "Wageni wetu, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, tumesikia. Lakini sisi hapa, maji ya kifuu bahari ya chungu. Mungu akipenda tutazungumza." Akanyamaza. Wazee wenziwe wakatikisa vichwa. Kahawa ikaletwa, na mkutano ukaisha.

Kila aliyekulia pwani amekwisha fahamu. Mzee alikataa. Alikataa kwa lugha ya watu wasiopenda kumwaibisha mgeni mbele ya watu. Yale maji yaliyomo katika kifuu cha nazi, ambayo wewe wayaona ni ya kumwagwa, kwa mdudu chungu ni bahari nzima. Alikuwa akiwaambia: nyinyi mwaliona diko hili kuwa ni kipande cha mchanga, sisi ndipo tulipo, hatuna pengine. Na ile "Mungu akipenda tutazungumza" ilikuwa mlango unaofungwa polepole ili usilie.

Kitufe

Mpwa wangu aliyapiga maneno hayo katika kompyuta kama yalivyosemwa, kwa kukatakata, kwa jinsi makarani waandikavyo. Usiku ule, badala ya kukaa na kuyapanga, alibonyeza kitufe. Programu yake ya kuandikia, ile ile itumiwayo katika maafisi kote nchini, sasa ina kitufe cha akili isiyo ya mtu. Unaiambia: fupisha haya, yaandike kwa Kiingereza cha afisi, na kabla hujameza mate mawili kazi iko mbele yako.

Akili hiyo wengine huiita akili mnemba, wengine akili unde. Mimi, mtu wa pwani, napenda hili la pili, maana kwetu kuunda ni kuunda chombo: kuna mbao, kuna misumari, na kuna fundi. Jambo lililoundwa lina aliyeliunda, na lina mipaka yake.

Kitufe chenyewe hakikuja kwa siku moja. Walioanza kazi ya afisi zamani watakumbuka programu za Microsoft Office za 1997, zilizokuwa na kibanio cha karatasi chenye macho, kikijitokeza pembeni kukuuliza kama waandika barua. Watu walikichoka. Mwaka 2001 kikazimwa kisijitokeze chenyewe, na katika toleo la 2007 hakikuwamo tena. Mwaka 2018 Google ikatia katika Gmail njia ya kukumalizia sentensi kabla hujaimaliza mwenyewe. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na ulimwengu ukashughulika. Machi 2023 Microsoft ikatangaza Copilot, msaidizi anayekaa ndani ya Word, Excel, Outlook na Teams, na kutoka Novemba mwaka ule ikawauzia makampuni makubwa kwa dola 30 kwa kila mtu kwa mwezi, juu ya bei ya kawaida. Google nayo ikafanya mfano wa hayo, na msaidizi wake leo huitwa Gemini.

Ilipofika Januari 2025, makampuni yote mawili yakawa yanakitia kitufe hicho ndani ya furushi la kawaida la wateja wao wengi, na bei ikapanda. Nchini Australia, tume inayolinda wanunuzi ilikwenda mahakamani Oktoba 2025, ikidai kwamba wateja wa Microsoft hawakuelezwa wazi kuwa wangeweza kubaki na furushi la zamani kwa bei ya zamani. Nalitaja hili kwa sababu moja. Mpwa wangu hakuenda dukani kukinunua kitufe. Alifungua kompyuta yake asubuhi moja akakikuta, kama mtu aamkaye akakuta mgeni amelala barazani.

Kilichoandikwa

Basi kitufe kikaandika nini? Kikaandika ukurasa mmoja mzuri, wenye vichwa vya habari na nambari. Kwanza, wenyeji waliukaribisha mradi kwa moyo mkunjufu. Pili, mwenyekiti alieleza kwamba wakazi wanataabika kwa uchungu wa maji ya bahari. Tatu, iliafikiwa kwamba mazungumzo yaendelee katika hatua inayofuata. Na chini kulikuwa na jedwali la kazi za kufanywa: kamati ya wavuvi itaandaa mipaka ya eneo.

Tazameni! "Mgeni njoo" imekuwa kuukaribisha mradi. "Mungu akipenda" imekuwa maafikiano. Na yule mdudu chungu, maskini, ambaye ndiye aliyebeba neno lote la mzee, amegeuzwa kuwa ladha ya maji. Jedwali nalo halikusemwa na mtu yeyote.

Mpwa wangu aliniletea karatasi hiyo nyumbani. "Mjomba," akaniambia, "hebu nitazamie Kiingereza chake." Nikakitazama Kiingereza. Kilikuwa safi. Nikahamisha koma moja, nikambadilishia neno moja, nikamwambia, "Vizuri, mwanangu." Chini ya karatasi mlikuwa na kijineno kidogo cha kuonya kwamba kilichoandikwa na mashine huenda kina makosa. Nililiona onyo hilo. Nililipita kama tupitavyo kibao cha "Usitupe taka." Kijana akalifuta, na mahali pake akaandika kwamba karatasi imehakikiwa na mimi.

Mimi niliyekuwako pale. Mimi niliyemsikia mzee kwa masikio yangu, nikamwelewa, na hata nikacheka moyoni kwa ufundi wa jibu lake. Maandishi yalikuwa yamepangwa vizuri mno hata nikayasadiki kuliko masikio yangu.

"Nisomee, malenga"

Kabla ya karatasi kupelekwa afisini, mpwa wangu aliichukua dikoni mwenyekiti atie saini. Mzee yule Kiingereza hakijui. Angeweza kutia saini akaenda zake, kama watu wengi watiavyo. Lakini alituma mtoto aniite.

"Shikamoo, Babu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee, malenga. Nisomee kwa lugha yangu, nijisikie nilivyosema."

Nikaanza kusoma, nikifasiri mstari kwa mstari, kwa sauti, mbele ya wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu. Nilipofika pa maji machungu ya bahari, kijana mmoja akacheka. Nilipofika pa "iliafikiwa", hakuna aliyecheka. Ulimi ukawa mzito. Mzee aliningoja hadi mwisho, kisha akauliza bila kukasirika: "Na huyo aliyesema tumekubali ni nani? Alikuwa amekaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu hakusema hivyo. Mimi sikusema hivyo. Wageni wenyewe hawakusema hivyo. Karatasi ilikuwa na maneno yasiyo na mdomo, na mdomo wa pekee uliokuwapo wa kuyabeba ulikuwa jina langu.

Kwa nini mashine ilikosa

Ni haki tuieleze mashine bila kuisingizia. Haisemi uongo kwa kukusudia, kwani haina makusudio. Imelishwa maandishi mengi mno, vitabu, magazeti, barua na kurasa za intaneti, na kazi yake ni kukisia ni neno gani lifuatalo baada ya hili. Hukisia vizuri ajabu. Lakini karibu nusu ya kurasa za intaneti ni za Kiingereza, na Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, hakifikii hata moja kwa mia. Na katika hicho kidogo, ni kiasi gani kitokacho barazani kwa wazee? Kumbukumbu za mikutano ya Kiingereza mashine imezisoma kwa malaki, na katika hizo aghalabu kuna jambo lililoafikiwa na jedwali la kazi. Basi ilipokosa maafikiano, iliyajaza mahali pake, kama mpishi anayetia chumvi kwa mazoea bila kuonja.

Wala tusidhani kwamba hakuna mkono wa mtu ndani yake. Mnamo Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba vijana wa hapa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu na ya kutisha, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka. Watu wamo, tena wamo wa kwetu. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayeitwa kuulizwa juu ya karatasi ya dikoni.

Wala si sisi tu tulioponzwa. Juni 2023, mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hoja zilizotaja kesi ambazo hazikupata kuwako. ChatGPT ndiyo iliyozibuni, nao hawakuzitafuta vitabuni. Oktoba 2025, kampuni ya Deloitte nchini Australia ilikubali kurudisha sehemu ya malipo ya ripoti iliyoiandikia serikali, kazi ya dola za huko zipatazo 440,000, baada ya kuonekana kuwa imetaja maandishi yasiyokuwako na maneno ya hukumu ambayo jaji hakuyasema. Hao ni watu wenye afisi za ghorofa na makarani wengi. Ugonjwa wao na wetu ni mmoja: karatasi ilipendeza, na mwenye kuitia jina hakuisoma.

Kumsomea mwalimu

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu hakukuruhusu kuupita ukurasa ati kwa sababu umeuandika vizuri. Wino wako ungeweza kuwa mzuri kama wa msahafu wa dukani, yeye alifumba macho akasema, "Soma." Ukimsomea, akikusikia, akikurudi ulipoteleza, ndipo ukapita. Na yeye mwenyewe alikuwa amemsomea mwalimu wake, na huyo wake. Hao walikuwa hawasemi tu kwamba jambo limeandikwa. Walitaja fulani kalipokea kwa fulani, aliyelipokea kwa fulani, mpaka mwanzo. Mnyororo ukikatika mahali, neno lilitiliwa shaka, hata likiwa zuri namna gani.

Utotoni tuliona ni udhia. Leo naona walikuwa wakilinda jambo kubwa: kwamba kila neno liwe na mtu unayeweza kwenda kumgongea mlango.

Hata wapiga taipu tuliowakuta mjini, walioketi kivulini na mashine zao za chuma, walikuwa na desturi hiyo. Ungekwenda na shida yako, shamba, mahari au mtoto wa shule, naye angeuliza, "Wataka kusema nini hasa?" Aliongeza madoido yake, sikatai. "Mheshimiwa" alizitia nyingi kuliko ulivyotaka. Lakini kabla hujachovya kidole katika wino, alikusomea. Nawe uliweza kusema, "La, hapo sikusema hivyo," akaitoa karatasi akaanza upya, huku akinung'unika.

Msomaji asidhani nasema tuivunje mashine. Mpwa wangu ana kazi nyingi, na kitufe kile humwandikia barua za kuomba vipuri na hesabu za mafuta ya boti, na humwokolea saa nyingi. Mimi mwenyewe hukitumia kunyoosha Kiingereza changu, ambacho nilikisoma ukubwani. Maelfu ya watu ambao zamani walinyamaza kwa kuogopa lugha ya afisi leo wanaandika barua zikasomwa. Hiyo ni heri, na mwenye heri hasutwi.

Ila kuna kazi mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili. Kuomba vipuri ni maneno yako mwenyewe. Ikikosea mashine, utaletewa kipuri kisicho chako, ukirudishe. Kumbukumbu za mkutano ni maneno ya watu wengine. Ushahidi, wosia, malalamiko ya kijiji, maelezo ya mgonjwa kwa daktari, hayo ni amana. Mtu amekutia neno lake mkononi ulipeleke kama lilivyo. Ukimpa mashine alifupishe, kisha wewe usilirudishe kwa mwenyewe kulisikia, umeipoteza amana ya mtu hata kama hukuiba.

Karatasi ya pili

Jioni ile tuliketi watatu chini ya mwembe, mzee, mpwa wangu na mimi. Tuliandika upya, kwa Kiswahili kwanza. Maneno ya mzee tuliyaweka yote kama alivyoyasema, pamoja na kifuu na chungu wake, na chini yake tukaeleza maana: kwamba kamati haikuridhia, na kwamba haikutoa ahadi ya mpaka wala ramani. Kisha nikaitia katika Kiingereza kwa mkono wangu. Kiingereza chake si kizuri kama cha mashine, kinachechemea kidogo. Mpwa wangu alisoma yote kwa sauti mara mbili. Wavuvi waliacha nyavu wakasikiliza. Mmoja akasahihisha idadi ya vyombo, tukaandika.

Nilimwona kijana jinsi uso wake ulivyokuwa. "Mjomba," akaniambia njiani tukirudi, "sikutaka kuwauza." Nikamwambia najua, na kwamba kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwa kuwa yeye aliniletea nisome, nami sikusoma. Tangu siku hiyo ana kanuni yake: kitufe akitumie, lakini kumbukumbu haziendi popote kabla hazijasomwa mbele ya waliozisema. Naiona ni kanuni inayofaa kubandikwa ukutani katika kila afisi, kuanzia ya chifu hadi ya waziri.

Karatasi ya pili ndiyo iliyopelekwa. Mambo ya diko bado yanazungumzwa, na sijui yataishia wapi. Lakini yatakapoamuliwa, yataamuliwa juu ya neno ambalo mzee alilisema kweli. Ile ya kwanza nimeiweka mezani, niione kila ninaposhika kalamu, na nimeiandikia beti hizi mbili mgongoni:

Kitufe ukibonyeza, maneno hujipangiya,
Yang'are na kupendeza, macho yakafurahiya,
Nani wa kumuuliza, neno likipoteleya?
Soma kwanza kwa sauti, ndipo utie saini.

Mzee kanena fumbo, la kifuu na la chungu,
Mashine haina tumbo, haiujui uchungu,
Tusiuze letu jambo, kwa karatasi za wingu,
Soma kwanza kwa sauti, ndipo utie saini.

Naye mwenyekiti, tulipomaliza kumsomea ile ya pili, aliomba kalamu. Alitia saini yake polepole, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni. Kisha akairudisha kalamu akasema, "Sasa ndiyo mimi."